Kipepeo Yule Anaishia Wapi

Mtu wa kwanza kumshuku nilikuwa mimi, na sina hakika kama nimeacha mpaka leo. Watu wa Mtunda walimwita Fundi, nami namwita hivyohivyo, ingawa fundi wa nini hasa, hapo ndipo palipokuwa na utata. Hakushona, hakuchonga, hakujenga. Alikamata vipepeo. Alikuwa na wavu wa kitambaa cha chandarua uliofungwa kwenye duara la ufito, na mpini wake mwanzi mrefu. Akimpata kipepeo alimminya kifua kwa vidole viwili mpaka akatulia, akamkunjia ndani ya karatasi ya pembe tatu, akaandika juu yake, akaitia karatasi ndani ya sanduku la bati. Sanduku likijaa, alisema, atalibeba mpaka pwani, kwa Mdachi mmoja ambaye sisi hatukupata kumwona. Mtu mzima, ana ndevu, anaswali, anakwambia hiyo ndiyo kazi yake. Na wewe uamini.

Nilikuwa nimeachika, nimerudi kukaa kwa kaka yangu na wifi yangu. Siku moja nimetoka shambani nikamkuta mgeni uani, anatundika sanduku lake kwenye boriti kwa kamba, na kamba ameipaka mafuta ili chungu wasishuke. Kaka akasema, "Huyu Fundi, atakaa chumba cha nyuma." Nikauliza atakaa mpaka lini. Kaka akacheka. Kaka yangu alikuwa mtu wa kupenda watu, akishamkaribisha mtu haulizi tena, na kazi ya kuuliza akaniachia mimi. Fundi akakaa miaka minne, akienda na kurudi.

Alikuwa na harufu mbili ambazo hazikai pamoja. Nguo zake zilinuka kafuri, kwa sababu ya sanduku, kama mtu anayetoka kuosha maiti. Na mikono yake ilinuka tembo. Mtu wa kwanza kufika msikitini alfajiri, anakaa safu ya mbele, ananuka tembo. Wazee walimsogelea wakamnusa, wakasogea mbali. Alieleza, na maelezo yake yalikuwa hivi: kipepeo anayemtafuta hapendi maua, anapenda tunda lililooza chini ya mti. Kwa hiyo yeye huponda ndizi mbivu, humwagia tembo, huziacha zichachuke siku mbili, halafu huziweka kwenye kigae katikati ya msitu, akakaa kando kusubiri. "Nalishika tu, silinywi," alisema. Nilimvizia miezi mingapi sijui nione kama analinywa. Sikumwona. Hilo nalo likanitia mashaka, maana mtu asiyeteleza hata mara moja ana sababu yake.

Kipepeo mwenyewe nilimwona. Lazima niseme ukweli, alikuwa mzuri. Mweusi, na kwenye kila bawa la mbele ana mkanda wa rangi ya chungwa lililoiva, na mwanga ukimpiga huku chini anageuka buluu halafu zambarau. Anakaa chini, kwenye majani makavu, mabawa ameyakunjua. Ukimkaribia anaruka chinichini hatua tano sita, anatua mbele yako kwenye njia ileile. Ukisogea tena, anafanya vilevile. Tangu utotoni tulikatazwa kumfuata, tuliambiwa anapoteza watu. Fundi ndiye mtu wa kwanza niliyemwona anamfuata kwa makusudi na anarudi.

Jambo alilotaka kulijua lilikuwa moja. Kipepeo yule anaishia wapi? Hakuwa na haja ya kupata wengi, alitaka kujua mipaka yake. Msitu huu yupo, ule yupo, ng'ambo ya mto je? Kwenye mikoko ya Mbuchi yupo au anakomea kwenye miti ya nchi kavu? Alikwenda Mbuchi akakaa mwezi mzima kwenye matope, akarudi amekonda na miguu imebabuka, uso umejaa furaha. "Hayupo," akatuambia, kama mtu anayeleta habari ya harusi. Wifi akasema, "Umekwenda mbali hivyo kutafuta kitu, hukukipata, halafu unafurahi?" Akajibu kwamba sasa anajua.

Siku moja alitupeleka ukingoni mwa msitu ulio nyuma ya mashamba yetu ya mpunga. Jina la msitu ule silitaji. Alikuwa na vipepeo wawili wazima ndani ya wavu, akamwachia mmoja palepale jua linapoanzia. Kipepeo akaruka kuelekea shamba, akafika kama upana wa dungu moja la kulindia ndege, akageuka ghafla akarudi gizani kwenye miti. Akamwachia wa pili, akafanya vilevile. "Mmeona?" Fundi akasema. "Hawezi uwazi. Shamba hili kwake ni bahari. Anakwenda kule kwenye kivuli kilichoungana na kivuli tu, basi." Kaka alilipenda sana neno lile, akalirudia siku nyingi. Mimi nilikuwa namtazama Fundi nikijiuliza mtu huyu anajifunza nini hasa kuhusu msitu wetu.

Maana maswali yake yalikuwa maswali ya mtu mwingine kabisa. Akiketi barazani na mgeni kutoka mbali hakuuliza mavuno wala afya za watoto. Aliuliza: Msitu wenu unaungana na upi? Kuna njia ndani, au ya nguruwe tu? Kiangazi maji yanabaki? Miti imeshikana kiasi gani, mtu anaona mbingu? Mgeni anajibu jibu la kwanza, la pili, la tatu anaanza kunitazama mimi. Nami namtazama yeye. Mara mbili nilimwambia Fundi, "Hebu waulize watu habari zao kwanza." Akaona haya kweli, akamgeukia mgeni akamwuliza, "Habari za nyumbani?" Halafu, kabla mtu hajamaliza kusema njema, "Na siafu wapo wengi humo msituni?"

Alikuwa na huruma ambayo haikunyooka. Huyu aliyeminya vipepeo kutwa hakuweza kushika kisu cha kuku. Siku ya kuchinja alijisingizia ana safari. Akimkuta jongoo njiani anamzunguka. Niliwahi kumwuliza roho haimsuti kuua viumbe wazuri namna ile, akaniambia inamsuta, akaendelea kukunja karatasi. Na alikuwa mwoga wa mvua, mwoga wa ng'ombe, lakini chui aliposikika karibu na mashamba ni yeye aliyekwenda msituni asubuhi yake peke yake na kigae chake cha ndizi. Tukimhimiza jambo lolote alikuwa na jibu moja: "Mwenye mabawa ndiye mwenye haraka." Wifi alikuwa anamwigiza jikoni mpaka machozi yanamtoka.

Halafu ikaja ile vita.

Sisi tulilimishwa pamba kama wenzetu, tukachapwa kama wenzetu, na habari za dawa zilipotoka ng'ambo ya mto kaka yangu hakuhitaji kuhimizwa. Alivuka akaenda Ngarambe, akapewa maji, akarudi na uso mwingine. Hakutuambia, lakini wifi aliacha kupika baadhi ya vitu, nami nikajua. Wajumbe waliobeba dawa hawakupita barabarani, maana barabarani walikuwapo askari na watu wa akida. Walipita msituni, kutoka msitu huu kwenda unaofuata, kivulini tu. Na huko msituni nani alikuwa ameketi mbele ya kigae cha ndizi, kimya, tangu asubuhi mpaka jioni? Fundi. Nani aliwaona wote waliopita? Fundi.

Walimwona na wao. Watu wawili wa milimani walimkuta na kibuyu cha tembo ubavuni, wakapiga magoti wakamwomba awanyunyizie. Akawaambia si dawa, ni ya vipepeo. Wao wakadhani ni fumbo, wakazidi kuinamisha vichwa, na yeye kwa woga akawapa kila mmoja ndizi. Aliposimulia hadithi ile nyumbani kaka alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliuliza, "Sura zao unazikumbuka?" Akasema, "Mimi sikumbuki watu, dada. Nakumbuka misitu." Nikaona ni jibu la mtu aliyejiandaa.

Ijumaa iliyofuata, wanaume wakiwa msikitini, niliteremsha sanduku lake. Baba yangu alinisomesha chuo cha Kurani nikaweza kusoma, na Fundi aliandika Kiswahili kwa herufi zilezile za chuoni. Nikafungua karatasi moja, nikakuta kipepeo, na juu yake pameandikwa jina la msitu, umbali wake kutoka kijijini, njia ya kuingilia, kama kuna kisima na kama kinakauka, na mwezi. Nikafungua nyingine, nyingine. Kila msitu uliokuwa kwenye karatasi zile ulikuwa msitu niliousikia kwa kaka na wenzake kwamba wajumbe wa dawa hupita humo. Hapakuwa na hata mmoja uliozidi, na hata mmoja uliopungua. Kuanzia milimani, kuvuka mto kwenye vichaka vya kingoni, mpaka kwetu. Mtu ameandika njia yote ya vita kituo baada ya kituo, na sanduku linakwenda kwa Mdachi.

Leo mtu anaweza kuniambia kwamba ni kwa sababu mjumbe na kipepeo walitaka kitu kimoja, kivuli kisichokatika. Leo hata mimi naweza kusema hivyo. Siku ile niliona kitanzi kwenye shingo ya kaka yangu.

Nikamwambia kaka. Kaka akawaambia wenzake waliokunywa naye dawa, na wenzake wakasema Fundi auawe kabla jua halijazama. Kaka akakataa. "Amekula kwangu miaka minne," akasema. "Akifia kwangu, laana yake nimeitafuta mwenyewe." Wakabishana uani, wifi amefunga mlango anasoma dua, mpaka wakakubaliana kwamba karatasi zichomwe, naye aondoke.

Fundi aliporudi kutoka msituni alikuta moto umeshawashwa. Alitazama sanduku miguuni pangu, akatazama moto, akaketi chini.

"Nani kakutuma?" kaka akamwuliza.

"Unamjua aliyenituma. Nilikwambia siku ya kwanza."

"Anataka kujua tunapita wapi?"

"Anataka kujua kipepeo anaishia wapi."

"Karatasi hizi akizisoma askari atasoma nini?"

Nilimwona Fundi anafikiri, na nilimwona anaelewa, uso wake ukawa wa majivu. Naapa alikuwa hajapata kuliwaza jambo lile. Au alikuwa hodari sana wa kujifanya, na wakati ule niliamini hili la pili. Akasema taratibu, "Chomeni karatasi. Vipepeo niachieni."

"Vipepeo nao wanasema wametoka wapi," mmoja wa wale wanaume akasema.

Niliyeifungua kamba ya sanduku nikalimwaga motoni ni mimi. Hakuna aliyenituma. Miaka minne ya mtu ilishika moto kwa muda mfupi kuliko kuchemsha maji, na kafuri ikatoa moshi uliotuchoma macho, kwa hiyo sote tulikuwa tunatoka machozi, na siwezi kusema ni nani aliyelia kweli. Mmoja wao akamvunjia wavu. Mwingine akamkanyaga mkono wa kulia, ule wa kuandikia, akaukanyaga tena, na kaka alichelewa kumzuia. Nilichelewa na mimi. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko kaka.

Akaondoka na kibuyu chake, mkono ameufunga kwa kilemba, akashika njia ya Utete. Kaka alimtazama mpaka akapotea, halafu akasema neno ambalo lilitunyima usingizi mwaka mzima: "Tumechoma karatasi. Kichwa chake kinakwenda kizima."

Na kweli, ndani ya kichwa kile mlikuwa na kila kisima.

Dawa haikuzuia risasi. Kaka alirudi mzima, wengi hawakurudi. Kisha wakaja kuchoma. Walichoma nyumba, ghala, mpunga mashambani, na jina la kaka lilikuwa limekwisha kufika bomani pamoja na majina ya walionyongwa. Tukaingia msituni, ule wa nyuma ya mashamba yetu, kaya kumi na zaidi, na humo tukaishi kwa ming'oko, mizizi ya porini, na majani. Kila asubuhi mmoja wetu alipanda mti kutazama kama Fundi anakuja na askari nyuma yake. Wifi alisema hatakuja. Mimi nilisema atakuja, na nilichagua kabisa upande atakaotokea. Yule kipepeo alikuwa anatua mbele yetu kwenye njia ya kisimani, hatua tano sita mbele, na nilikuwa nikimwona namchukia.

Hawakuja. Walifika ukingoni mwa shamba, wakasimama wakatazama miti, wakachoma dungu letu, wakageuka. Misitu mingine waliingia. Sisi hatukuguswa, na hilo ndilo lililonitesa zaidi, maana sikuweza kulielewa.

Vita ikaisha, njaa ikaisha, watu wakatoka msituni mmoja mmoja. Kaka hakutoka. Wenzake walitoka wakiambiwa wamesamehewa, wawili wakachukuliwa njiani. Akalima kipande kidogo humohumo kivulini, akapata watoto humohumo, na sisi wa nje tukimpelekea chumvi. Miaka ikapita hivyo.

Nilimwona Fundi tena Utete. Nilikuwa nimempeleka wifi kwa mganga wa mifupa, nimekaa kando ya mto nikisubiri, nikasikia harufu ya kafuri kabla sijamwona mtu. Alikuwa amezeeka kupita umri wake. Wavu alikuwa nao, mpya, ameushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekaza, vidole vimekunjamana havifunguki. Nilitaka kuinuka niondoke. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akanisalimu kama mtu tuliyeachana naye juzi.

"Kaka hajambo?"

"Unamwulizia nini?" nikasema.

Akatabasamu. "Basi hajambo."

Nilikuwa natazama mkono ule, na aibu ilinipanda mpaka nikahisi joto masikioni. Nikamwuliza alikwenda wapi baada ya kuondoka kwetu. Akaniambia bila kupunguza wala kuongeza. Askari walimkamata siku ya pili, wakamchapa, wakamfunga, na uchomaji ulipoanza wakataka kujua watu wamejificha msitu gani. Yeye akawatajia ile iliyokwisha kuchomwa, ambayo haikuwa na mtu tena. Mdachi wake akaja kumtoa. Halafu yule Mdachi akamtaka aandike upya yote yaliyokuwa kwenye sanduku, kwa kukumbuka, kwa sababu anatunga kitabu cha yule kipepeo, na kitabu kitasomwa na wakubwa wote.

"Nikaandika," Fundi akasema. "Kwa mkono huu wa kushoto, mwezi mzima. Nimeandika misitu yote, dada. Wa kwenu nikaandika hayupo."

Sikumwelewa. Akaokota kijiti akachora mchangani: huku juu yupo, huku chini yupo, na hapa katikati akaacha pengo.

"Bwana akashangaa. Akasema haiwezekani, kusini yupo, kaskazini yupo, hapa kati akosekane? Akanituma nikatazame tena. Nikalala siku tatu njiani, sikuukaribia, nikarudi nikamwambia hayupo. Basi kitabu kimetoka hivyo. Sijapata kuandika uongo mwingine. Huo mmoja tu."

Akafuta mchoro kwa kiganja. Nilijua natakiwa kusema kitu, niombe radhi, nilie, nimshike ule mkono. Nilichofanya ni kumchunguza uso, nikitafuta mahali ambapo hadithi yake haikuungana. Ndivyo nilivyo.

"Mimi sasa sina miaka mingi," akasema. "Na Bwana bado ananiandikia, anauliza kila mwaka. Vita imekwisha. Nimekuja huku nikuulize wewe, maana wewe ndiye uliyesoma karatasi. Naweza sasa kumwambia kwamba yupo?"

Nilimfikiria kaka na shamba lake la kivulini, na watoto wake ambao hawajapata kuiona barabara. Nilimfikiria askari mmoja tu, mvivu, asiye na kazi, amefungua kitabu.

"Bado, Fundi," nikasema. "Mwambie hayupo."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka kwa taabu akiegemea mwanzi wa wavu wake. "Haya," akasema. "Hayupo." Halafu akaniuliza kama nimekula.